Mwani wa Dada Winnie

Kabla ya kupanda chochote, Getruda Kashindye huuonja udongo. Huuchota kidogo kwa ncha ya kidole, akauweka juu ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayetafuta jina lililomtoka, kisha akatema pembeni. Ndivyo mama yake alivyowafundisha yeye na dada yake Winnie wangali watoto wa kubebeshwa ndoo ndogo. Udongo mzuri, mama alisema, hauna la kusema. Unapita ulimini kimya. Udongo wenye magadi hubana ulimi pande zote mbili, ukaacha mate mengi mdomoni. Winnie, aliyekuwa mkubwa kwa miaka saba, alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wote. Aliweza kufumbwa macho na kuongozwa shambani, akaonja, na kutaja ni jaruba gani alilosimama.

Winnie hajakanyaga shamba hilo kwa miaka kumi na sita.

Lipo kijijini kwao, upande wa Magu, kando ya Ghuba ya Speke. Ni majaruba manane ya mpunga yaliyopangwa kwenye mteremko mdogo, na ukisimama kwenye tuta la juu kabisa unaliona ziwa. Zamani ukisimama hapo mwezi wa tano ulinusa mpunga wa supa kabla ya kuuona. Getruda ana miaka hamsini na mmoja. Mumewe alikwisha kufariki, na mwanawe wa pekee, Favour, ana duka la vifaa vya shule mjini Mwanza, huko Mkolani. Mara nyingi Favour amemwomba mama yake ahamie kwake. Getruda husema atakuja, hukaa siku tatu, siku ya nne hukunja kitenge chake.

"Nani atamfungulia Winnie mlango?" huuliza.

Favour alikuwa msichana mdogo Winnie alipoondoka. Kwake yeye, mama mkubwa ni sauti ya kwenye simu na gunia linaloshushwa kwenye basi.

Habari ya kuondoka kwa Winnie ni habari ya kisima. Mradi uliletwa kijijini na watu wenye heshima zao, waliopima mashamba kwa hatua za miguu kwa sababu kamba ya kupimia waliisahau mjini. Walisema watawapa wakulima maji ya kiangazi, ili pamoja na mpunga wa masika walime nyanya na vitunguu. Ziwa lilikuwa pale, umbali wa kusikia mtu akiita. Lakini michoro yao ilikuja ikisema kisima kirefu, na michoro ikishafika kijijini haibishani na ziwa. Kikachimbwa kisima. Maji ya kwanza yalipotoka, wanawake walipiga vigelegele, naye mama yao akakinga kiganja, akaonja, akatema.

"Haya yana magadi," alisema.

Fundi mmoja mwenye kofia ya njano alicheka kwa upole, kicheko cha mtu aliyesoma akizungumza na bibi yake. "Mama, sisi hatupimi kwa mdomo. Tuna mashine."

Walichukua maji kwenye chupa na udongo kwenye mifuko, wakaandika namba juu yake. Majibu ya mifuko hiyo hayajarudi mpaka leo. Mifereji ya kuingizia maji ilichimbwa. Ya kuyatoa, hapana. Siku ya uzinduzi kulikuwa na utepe, picha, na soda. Kikundi cha wakulima kilihitaji katibu mwenye mwandiko mzuri, na katika kijiji kizima aliyekuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko wa kusomeka alikuwa Winnie. Akaandika muhtasari wa mkutano: wananchi wameridhia. Akaweka saini.

Mwaka wa kwanza walivuna nyanya mpaka zikawaozea. Mwaka wa tatu majani yakaanza kuungua kwenye kingo. Mwaka wa nne weupe ulitokea kwenye kona ya jaruba la chini, na mama yao akadhani mtu amemwaga majivu. Mwaka wa tano shamba zima lilikuwa jeupe kiangazi, na masika gumu kama sakafu. Maji yalisimama juu yake bila kuingia. Wasukuma wana jina la udongo wa namna hiyo, itogolo, nao tangu hapo wanakijiji walilitumia kana kwamba shamba la mama Kashindye lilizaliwa nalo. Pampu ilisimama. Kibao cha mradi kikawa mlango wa zizi la mbuzi wa mtu. Na mama yao, aliyekuwa amelima pale tangu akiwa bibi harusi, aliugua miezi miwili akafa.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, mazungumzo yalifika kwenye maji. Mzee Mayala, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale kijijini, alisema bila kuinua macho, "Maji yale yana saini. Na mwenye saini tunamjua."

Hakuna aliyesema kwamba wahandisi nao walikuwa na saini, tena za wino mzito na mihuri juu yake. Hakuna aliyetaja mifereji ambayo haikuchimbwa. Hasira ya watu hutafuta mtu aliye karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa mwanamke mwenye mwandiko mzuri, aliyefiwa na mama yake siku tatu zilizopita.

Asubuhi Winnie aliondoka na begi moja na ungo wa mama ukiwa chini ya kwapa. Getruda alimkimbilia mpaka barabarani, miguu mitupu.

"Dada, yatapita haya. Watu husahau."

"Udongo hausahau," Winnie alisema. "Getruda, nisikilize. Sikanyagi hapa tena mpaka siku ulimi wako utakaponiambia kwamba chumvi imetoka. Ulimi wako, siyo wa mtu mwingine."

Kisha basi likafika, na ungo ukaonekana dirishani kwa muda, kama uso wa mtu wa pili.

*

Winnie alizunguka miji kadhaa kabla ya kutulia Pangani, huko pwani ya Tanga, ambako alijiunga na kikundi cha wanawake wanaolima mwani baharini. Getruda hajawahi kuiona bahari. Kwa simu alijifunza kwamba maji ya huko huondoka na kurudi, na kwamba yapo majuma ambayo maji huondoka mbali kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Hayo ndiyo bamvua, na ndipo wanawake huingia kwenye vitalu vyao vya kamba kufunga mbegu na kuvuna. Ukimpigia Winnie siku za bamvua hapokei. Kwa hiyo Getruda, mtu wa ziwa ambalo halijawahi kuondoka mahali pake, alianza kuutazama mwezi ili ajue ni lini dada yake ana nafasi ya kuzungumza. Jirani zake walidhani amekuwa mcha Mungu.

Walizungumza habari za afya, bei ya sukari, misiba. Shamba hawakulitaja. Mpaka siku moja, miaka miwili iliyopita, Winnie alipouliza kana kwamba anauliza habari za mtu wa mbali: "Pale kwa mama, kunaota nini siku hizi?"

"Hakuna kinachoota, dada. Ng'ombe huja kulamba."

Ilikuwa kweli. Shamba lilikuwa limegeuka kilambio. Kila asubuhi wachungaji walipitisha makundi yao hapo, ng'ombe wakainamisha vichwa na kulamba weupe ule kwa ndimi ndefu. Ng'ombe wa Mzee Mayala ndio waliokuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Winnie akasema kwamba kikundi chao kilikuwa kimefundishwa jambo. Vipande vya mwani vilivyokatika, ambavyo wanunuzi hawavitaki, vinaweza kuvundikwa vikatoa maji ya kunyunyizia mazao. Mmea uliopata maji hayo hupata nguvu ya kuvumilia ukame, na hata chumvi. "Waliyaita busta," alisema. "Siyo mbolea. Ni kama uji kwa mgonjwa. Nimekuwekea gunia kwenye basi. Ukiona halifai, wape ng'ombe."

Getruda alilipokea gunia hilo kwenye stendi ya Nyegezi, Mwanza, akafungua mdomo wake palepale, akaingiza pua. Alinusa kitu kikavu, cha samaki na cha majani, harufu ya mahali dada yake anapoishi. Alisimama hivyo mpaka karani wa mizigo, Yeremia, akamuuliza kama kuna kilichooza.

Mwaka wa kwanza alikosea, na kosa lake ni la mtu wa maji matamu. Tangu utoto wake, kitu kilichotoka majini kilikuwa kisafi. Samaki, mboga, nguo, hata mtoto, ukikitoa ziwani umekwisha kukiosha. Haikumjia akilini kwamba kitu kinaweza kutoka majini kikiwa na kinachohitaji kuoshwa. Akautia mwani kwenye pipa kama ulivyofika, akauvundika, akainyweshea miche yake. Baada ya siku tisa miche yote ilikuwa na rangi ya nyasi za paa. Yeye anayeonja udongo hakuwa ameonja mwani.

Kijiji kilicheka juma zima. "Getruda anatia chumvi kwenye chumvi," walisema wakiteka maji ziwani. "Mwacheni, anapika supu ya bahari." Mwanamke mmoja alimletea nyanya mbili na kitunguu, akamwambia ni viungo vya supu yake. Getruda alivipokea, akashukuru, akavila.

Nathaniel, afisa ugani wa kata, mtu wa makamo mwenye pikipiki inayozima kila mlimani, ndiye aliyelamba kipande cha mwani na kukunja uso. "Mama Favour, hiki ulikiosha?"

"Kimetoka baharini, nikioshe nini?"

Nathaniel hakucheka. Aliketi juu ya tuta na kumweleza kwamba bahari nzima ni chumvi, na kilichokauka nayo kimeibeba. Kwamba lazima mwani usuuzwe kwa maji ya ziwa mara tatu, uvundikwe majuma mawili kwenye pipa lenye kifuniko, ukorogwe kila asubuhi, uchujwe kwa kitambaa, na kikombe kimoja tu kiingie kwenye ndoo nzima ya maji.

"Na huu wetu?" Getruda alionyesha ziwani, ambako joto la siku hizo lilikuwa limetandaza utando wa kijani ufukweni. "Si nao ni jamaa yake? Kwa nini wa kwetu usifae, mpaka wa Pangani?"

"Huo usiuguse. Unaota wenyewe kwa uchafu tunaoumwaga, na mwingine una sumu. Ng'ombe akinywa anaweza kufa." Alifikiri kidogo. "Na jambo moja nikwambie mapema usije ukanilaumu. Mwani hautoi chumvi shambani. Chumvi itakuwepo. Unausaidia mmea uishi nayo tu. Ukitaka chumvi itoke, tuchimbe mifereji, tuoshe udongo miaka na miaka."

Getruda alijua kushika jembe, na mfereji wa kwanza alikwisha kuuanza yeye mwenyewe upande wa chini. Lakini maneno hayo yalimkaa vibaya. Ulimi wako utakaponiambia kwamba chumvi imetoka. Winnie alikuwa anatuma magunia. Je, alijua kwamba alichokuwa anakituma hakiwezi kumrudisha?

Hakumuuliza.

*

Mwaka uliofuata alianza na majaruba matatu ya juu. Aliloweka mbegu za supa kwenye maji ya mwani kabla ya kuzisia, akachovya mizizi ya miche siku ya kupandikiza, na baada ya hapo akapulizia majani kwa bomba la mgongoni kila baada ya majuma mawili. Nathaniel alimtaka aliache jaruba la tatu bila kulipulizia, ili waone tofauti.

"Nilinyime kwa makusudi?"

"Ndiyo tutajua, mama. Bila hivyo watasema ni mvua."

Alilinyima, na kila alipopita kando yake alipitisha macho juu kama anayempita mtu anayemdai salamu. Kufikia mwezi wa tatu hapakuhitajika mtaalamu. Jaruba la tatu lilikuwa la njano, limedumaa, ncha za majani zimeungua. Mawili mengine hayakuwa kama ya zamani, la hasha. Lakini yalikuwa ya kijani, yamechipua mashina manne manne, na upepo wa ziwani ulipokuja yaliinama na kuinuka pamoja. Waliomcheka walianza kupitia njia ya shambani kwake, njia ambayo haikuwapeleka popote.

Alipopiga simu Pangani, alisema tu, "Umeota, dada."

Akasikia Winnie akivuta pumzi. "Nitumie sauti yake," Winnie alisema.

"Sauti ya mpunga?"

"Si ukipigwa na upepo unasema. Weka simu hapo."

Getruda aliinamisha simu yake ndogo juu ya majani, akaishikilia mpaka mkono ukamuuma. Hakujua kama kuna kilichofika upande wa pili. Aliporudisha simu sikioni, laini ilikuwa ingali wazi na hakuna aliyekuwa akizungumza.

Kisha akakosea tena. Machicha ya mwani yaliyobaki kwenye kitambaa aliona si vyema kuyatupa, kwa kuwa yalikuwa yamesafiri nchi nzima. Akayatandaza kwenye matuta, kati ya jaruba na jaruba, yazuie jua lisikaushe udongo. Alisahau kwamba mahali pale, kwa zaidi ya miaka kumi, palikuwa meza ya ng'ombe. Wenyewe hawakuwa wamesahau. Asubuhi moja mpunga ukiwa na mimba, upepo uliipeleka harufu ya mwani mpaka kwenye zizi la Mzee Mayala. Kundi likamshinda mchungaji, likavunja uzio wa miiba, likala machicha yote, na yalipokwisha likageukia kilichokuwa karibu.

Alipofika, jaruba la pili lilikuwa tope na kwato. La kwanza lilikuwa limebaki nusu. Ng'ombe mmoja mweupe alikuwa amesimama katikati, akitafuna kwa utulivu wa mgeni aliyekaribishwa. Mzee Mayala naye alikuwa amefika, anahema, fimbo mkononi, na zaidi ya miaka themanini mabegani.

"Shikamoo, baba," Getruda alisema, kwa sababu hata siku hiyo hakujua namna nyingine ya kuanza.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu." Mzee aliutazama uharibifu. "Ng'ombe hawana kosa. Umewapikia chumvi, ukawawekea mezani."

"Ni kweli. Nimewapikia. Tena chumvi ya dada yangu, yule uliyesema ana saini."

Hakuwa amekusudia kulisema. Lilikuwa limekaa miaka kumi na mitano na zaidi chini ya kila shikamoo aliyompa mzee huyu njiani, kanisani, misibani, na sasa lilitoka lenyewe, sauti yake ikiwa imara kuliko alivyotarajia. "Mlikuwa wanaume ishirini kwenye mkutano ule, baba. Mlikunywa soda zao. Mama yangu aliwaambia maji yana magadi, mkamwona mshamba. Shamba lilipokufa, hamkumtafuta mwenye mashine. Mlimtafuta aliyewaandikia muhtasari."

Mzee Mayala alimfukuza ng'ombe mweupe kwa fimbo, polepole. Kisha akainama, kwa shida, akashika shina moja la mpunga lililosalia, akaliminya kusikia mimba yake.

"Karatasi ile," alisema akiwa bado ameinama, "chini ya saini ya Winnie kulikuwa na vidole gumba. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi. Nilipaka wino, nikabonyeza. Cha kwanza chini yake ni changu."

"Nani mwingine anajua?"

"Waliojua wengi wamekufa." Aliuachia mpunga. "Kidole hakina jina. Saini ina jina."

Getruda alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Mzee aliondoka na ng'ombe wake. Lakini saa nane mchana alirudi na mkokoteni wa miiba mibichi, yeye na wanawe wawili watu wazima, wakaujenga uzio upya, mara mbili ya urefu wa kwanza. Tangu siku hiyo hadi mavuno aliketi kila asubuhi kwenye kigoda upande wa nje wa uzio, fimbo magotini, akiwafukuza ng'ombe wake mwenyewe.

*

Mwezi wa tano ulipokwisha, Getruda alivuna nusu jaruba. Mpunga wote uliingia kwenye gunia moja na haukufika mdomoni. Favour alikuja kusaidia kupura, akamkuta mama yake amepiga magoti kwenye mabua, kidole kikiwa mdomoni.

"Vipi?"

Getruda alitema. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni. Ulimi ulibanwa pande zote mbili. Pengine kidogo pungufu kuliko mwaka juzi, upande ule wa mfereji. Pengine alitaka tu iwe hivyo.

"Bado ipo."

Favour aliketi kando yake. "Mama, mwambie imetoka."

"Aa."

"Nani atakuja kulamba? Mpunga si huu hapa? Mwambie imetoka, aje. Akishafika hawezi kurudi. Mimi nitamwambia, kama wewe huwezi."

Wazo hilo Getruda hakuwa akilisikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa. Lilikuwa neno moja. Neno moja, na mlango ungefunguliwa, na angekuwepo mtu wa kumwita kwa jina alilopewa nyumbani badala ya kumwita Mama Favour. Mtu mwingine duniani anayekumbuka jinsi mama alivyofumba macho akionja. Alitembea mpaka kwenye tuta la juu, akapiga simu. Mwezi ulikuwa nusu. Maji ya Pangani yalikuwa mafupi, hayaondoki mbali, na Winnie alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Umevuna?"

"Nimevuna. Gunia halijajaa. Ng'ombe walikula sehemu."

"Na udongo?"

Ziwa lilikuwa limetulia. Getruda aliusikia ulimi wake mwenyewe mdomoni, mzito, wenye mate.

"Bado una chumvi, dada."

Kwenye simu ulisikika mlio wa mbali ambao huenda ulikuwa bahari.

"Nimeuonja mara tatu," Getruda aliendelea, kwa kuwa aliogopa simu isije ikakatika. "Sikudanganyi. Haijatoka, na Nathaniel anasema haitatoka karibuni, labda tusiwepo tena. Mpunga umeota hivyohivyo. Umeota juu yake. Na jambo la pili." Akamsimulia habari ya kidole gumba, bila kupamba, pamoja na kigoda cha mzee nje ya uzio.

"Mayala?" sauti ya Winnie ilikuwa ndogo. "Mwenyewe alisema?"

"Mwenyewe. Akiwa amesimama shambani kwa mama."

"Miaka yote hii nilidhani ile karatasi ilikuwa na jina langu tu. Niliiona tupu chini yangu. Unajua? Nikiikumbuka, chini yangu palikuwa peupe."

"Palikuwa na kidole chake."

Winnie alipenga kamasi, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayefunga mzigo: "Ni supa?"

"Ni supa. Mbegu ya mama."

"Unanukia?"

"Sijaupeta. Nataka kuazima ungo kwa jirani."

"Usiazime," Winnie alisema haraka. "Acha ulivyo. Usiupete." Na alipoona amesema mengi, akaongeza kwamba bamvua lilikuwa linakaribia na kamba zake hazijafungwa, akakata simu.

Bamvua lilikuja likapita. Mpunga ulikaa kwenye gunia na makapi yake, kwenye pembe ya chumba, na Getruda alilala akiusikia ukinukia kidogo kidogo kupitia katani. Jirani alimletea ungo. Alimshukuru, akamrudishia. Bamvua la pili likapita pia. Mzee Mayala alimuuliza njiani, akitazama pembeni, "Haya, ng'wanone, kuna habari?" Naye akajibu, "Hakuna bado, baba." Favour alisema panya watakula kabla ya mtu.

Kisha simu ikaja, fupi, katikati ya makelele ya watu na injini. "Nenda Nyegezi Jumatano," Winnie alisema. Siku zote alipotuma gunia alisema rangi ya kamba aliyolifungia na jina la basi. Safari hii hakusema rangi.

Jumatano Getruda alikuwa Nyegezi kabla maduka ya stendi hayajafunguliwa yote. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akajiambia ni kwa sababu kile cha kila siku kilikuwa hakijakauka. Basi la kwanza lilishusha mizigo. Yalitoka magodoro, mikungu ya ndizi, baiskeli mpya iliyofungwa nailoni. Yeremia alipitia karatasi zake kwa kalamu, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole.

"Mama, leo huna mzigo."

"Tazama vizuri. Kutoka Tanga. Gunia."

"Nimetazama. Miaka miwili hajawahi kuruka, najua mwenyewe, stendi nzima inanuka samaki nikikuhudumia." Alicheka, akaona hachekewi, akaacha. "Hakuna gunia, mama yangu. Labda amesahau."

Getruda alishika ukingo wa meza yake. Gunia ambalo halikutumwa ni mkono ambao haukuwa na nafasi, aliwaza, na mtu hawezi kukosa nafasi mkononi ila amebeba kitu kingine. Kisha akajikataza kuwaza hivyo, kisha akawaza tena.

"Lipo basi lingine kutoka huko?"

"Lipo. Lakini lile halichukui mizigo, mama. Ni la abiria tu. Saa kumi."

Saa ilikuwa tatu na robo asubuhi. Getruda alichagua benchi inayotazama geti, akaifuta vumbi kwa kiganja, sehemu mbili, akaketi kwenye moja.